Waliobaki Ndio Kikosi

Kila Desemba vyuo vikuu vya Marekani hutangaza kwa shamrashamra majina ya vijana wapya wa futiboli. Lakini timu bora hujengwa na wale ambao miaka mitatu baadaye bado wapo.

Juni 6, 2025, Jaji Claudia Wilken wa mahakama ya shirikisho huko California aliidhinisha makubaliano yaliyobadilisha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani. Magazeti mengi yaliandika habari za fedha: dola bilioni 2.8 za kuwafidia wachezaji wa miaka iliyopita, na ruhusa kwa kila chuo kuwagawia wachezaji wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Ndani ya makubaliano hayo ilikuwamo namba nyingine iliyozungumzwa kidogo, nayo iligusa maisha ya vijana wasiotarajia kuona hata dola moja ya mgawo huo. Namba hiyo ni 105, idadi ya juu kabisa ya wachezaji wanaoruhusiwa katika timu ya futiboli ya chuo kilichojiunga na utaratibu mpya.

Kabla ya hapo, ukomo ulihusu udhamini wa masomo tu. Chuo cha daraja la juu kiliweza kuwalipia ada, chakula na malazi wachezaji 85. Nje ya hao, kocha alikuwa huru kupokea vijana waliojilipia wenyewe, wakavaa jezi, wakafanya mazoezi na wenzao na kungoja siku yao. Timu nyingi zilikuwa na watu 120 au zaidi, na Nebraska, chuo chenye mila ndefu ya kuwapokea vijana wa namna hiyo, ilizidi idadi hiyo kwa mbali. Sasa wote 105 wanaweza kudhaminiwa, jambo ambalo ni neema kwao. Wa 106 hana pa kuingilia.

Hata kabla kesi haijaisha, vijana wengi walikuwa wamekwisha kuambiwa wafungashe. Aprili mwaka huo Jaji Wilken aligoma kupitisha makubaliano mpaka pande zote zirudi na mpango wa kuwalinda waliokatwa kwa sababu ya ukomo mpya. Mpango ulipatikana: chuo kinaweza kuwarudisha vijana hao bila kuwahesabu ndani ya 105. Lakini neno lililoandikwa ni "kinaweza", na uamuzi ukabaki mikononi mwa chuo.

Wapo watakaouliza kwa nini tujali idadi ya wachezaji katika timu za ng'ambo. Tujali kwa sababu nyuma ya kila namba yupo kijana wa miaka 17 au 18 aliyepewa ahadi, na historia ya mchezo huu inaonyesha wazi kwamba timu zilizotunza ahadi hizo zilipata faida kubwa uwanjani. Wingi wa waliosajiliwa ni jambo moja. Kina cha kikosi ni jambo jingine, na hutokana na waliovumilia benchi na makocha waliowavumilia.

Kwa nini watu wengi hivyo

Kwa msomaji wa soka, wachezaji 105 ni kama jeshi. Katika Kombe la Dunia la 2022 kila nchi ilipeleka wachezaji wasiozidi 26. Futiboli ya Marekani nayo ina wachezaji 11 uwanjani kwa kila upande, lakini 11 wa kushambulia wanatoka timu inapopoteza mpira, na wengine 11 wa kuzuia wanaingia. Kuna pia wapigaji wa mateke, na vikosi maalumu vya kuupokea mpira uliopigwa mbali au kumkabili anayeukimbiza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kwa miongo mingi mtu aliyeshambulia ndiye huyohuyo aliyezuia. Mwaka 1945 kocha Fritz Crisler wa Michigan, akikabili timu kali ya jeshi la nchi kavu akiwa na vijana wachanga, alikigawa kikosi chake mara mbili, wengine wa kushambulia, wengine wa kuzuia. Alipoteza mechi, lakini wazo lake lilienea. Mwaka 1953 kanuni zilibana ubadilishaji wa wachezaji, kwa sehemu ili kupunguza gharama, kisha katikati ya miaka ya 1960 mlango ukafunguliwa tena. Tangu hapo kila timu ya chuo ni timu mbili zinazovaa jezi moja, na kila nafasi inahitaji mtu wa pili na wa tatu.

Uzito wa jambo hili unaonekana zaidi kwa watu wa mstari wa mbele. Watano wa ushambuliaji, kila mmoja akiwa na kilo 135 au zaidi, husimama bega kwa bega kumlinda kwotabeki, yule anayeshika usukani wa mashambulizi. Wanagongana na wazuiaji wa uzito huohuo mara 60 au 70 katika mechi moja. Magoti huumia, vifundo huvunjika. Ndiyo maana katika nafasi 85 za zamani kocha makini alitenga takriban 15 kwa watu wa mstari wa ushambuliaji peke yao, na karibu idadi hiyohiyo kwa wenzao wa ulinzi.

Mtu wa mstari hapatikani kwa haraka. Kijana anayetoka sekondari mara nyingi ana urefu lakini hana nguvu, au ana unene ambao bado haujawa misuli. Kwa kawaida kanuni zimempa mchezaji miaka mitano ya kucheza misimu minne, hivyo mwaka wa kwanza hukaa nje akila, akinyanyua vyuma na kujifunza hatua za miguu. Mwaka wa pili huingia mechi zilizokwisha kuamuliwa. Mwaka wa tatu ndipo huaminiwa. Kocha akimpoteza mtu huyo katika mwaka wa pili, amepoteza kazi yote na hana mavuno.

Hesabu isiyojumlika

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 hakukuwa na ukomo wa nchi nzima. Kocha Johnny Majors alipofika Pittsburgh akakuta timu iliyotoka kushinda mechi 1 na kupoteza 10 mwaka 1972, alisajili zaidi ya vijana 70 kwa mkupuo mmoja. Miongoni mwao alikuwamo Tony Dorsett, na mwaka 1976 Pittsburgh walikuwa mabingwa wa taifa bila kupoteza hata mechi moja. Mwaka 1973 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliweka ukomo wa udhamini 105 kwa jumla na 30 kwa mwaka. Mwaka 1978 jumla ikashuka hadi 95, kisha 92 mwaka 1992, 88 mwaka uliofuata, na 85 mwaka 1994. Usajili wa mwaka mmoja ulifungwa kwenye 25.

Chukua penseli ukokotoe. Chuo kinachosajili 25 kila mwaka, na kila kijana akakaa miaka minne, kitakuwa na 100. Wengine wakiongeza wa tano, idadi inakaribia 125. Nafasi zilikuwa 85. Ili hesabu itimie bila kumwondoa mtu, kocha hakupaswa kusajili zaidi ya 21 kwa mwaka. Maana yake, kocha aliyejaza 25 kila msimu alijua, hata siku aliyoketi sebuleni kwa wazazi wa kijana akimsifia mwana wao, kwamba sehemu ya hao 25 haitafika mwisho.

Wengine huondoka kwa sababu za kawaida. Aliye hodari huenda ligi ya kulipwa baada ya mwaka wake wa tatu, mwingine hushindwa masomo, mwingine hutamani nyumbani. Lakini wapo walioondoka kwa sababu hesabu ilidai waondoke. Mwaka huohuo wa 1973 udhamini wa miaka minne ulibadilishwa kuwa wa mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo kocha hakuhitaji kumfukuza mtu, ilitosha kutomwongezea. Vyuo vya makundi makubwa, yaani ligi ambamo vyuo hushindana, vilikuja kukataza kumnyima mchezaji udhamini kwa sababu ya kiwango chake uwanjani Januari 2015, zaidi ya miaka 40 baadaye.

Mfano uliozua kelele ni wa Februari 2009, wakati kocha Houston Nutt wa chuo cha Ole Miss alipotangaza vijana 37 katika usajili mmoja, huku akijua kwamba wote hawawezi kuingia. Katika usajili wa namna hiyo, wengine hutarajiwa kukwama kwenye alama za masomo, na wengine huombwa wasubiri hadi Januari, yaani wakati wenzao wanafungua shule, wao wanabaki nyumbani bila chuo na bila timu. Kundi la SEC, ambalo Ole Miss ni mwanachama wake, lilifunga usajili kwenye 28, na miaka miwili baadaye likaushusha hadi 25.

Mtu wa tatu kwenye foleni

Faida ya kutunza watu ilionekana Ohio State mwaka 2014. Agosti, kabla msimu haujaanza, kwotabeki wao Braxton Miller aliumia bega mazoezini na msimu wake ukaishia hapo. Akaingia J.T. Barrett, kijana ambaye hakuwa amecheza hata mechi moja ya chuo, akaipeleka timu vizuri mpaka Novemba 29, walipocheza na mahasimu wao Michigan. Siku hiyo Barrett akavunjika kifundo cha mguu.

Aliyebaki ni Cardale Jones, mzaliwa wa Cleveland, jitu la kilo zaidi ya 110. Alikuwa chuoni tangu Januari 2012, na katika muda wote huo hakuwa ameanza mechi hata moja. Mwanzoni mwa msimu alikuwa nyuma ya wenzake wawili. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya kundi lao dhidi ya Wisconsin, nao wakashinda 59–0. Ya pili ilikuwa nusu fainali ya taifa dhidi ya Alabama, wakashinda 42–35. Ya tatu ilikuwa fainali yenyewe, Januari 12, 2015, wakaifunga Oregon 42–20. Mechi tatu, kombe mkononi.

Watu walishangaa, na walikuwa na haki. Lakini Jones hakuokotwa njiani. Kwa karibu miaka mitatu alihudhuria vikao vyote, akajua kila mpango, na wapokeaji wa mpira waliuzoea mkono wake mazoezini. Wahenga waliposema mvumilivu hula mbivu, walichukulia kwamba mti wenyewe utaachwa usimame. Ohio State waliuacha usimame.

Penn State nao walionyesha jambo hilohilo katika hali ngumu zaidi. Mwaka 2012 chuo hicho kiliadhibiwa vikali kwa uhalifu wa Jerry Sandusky, kocha msaidizi wa zamani aliyewadhulumu watoto, na kwa viongozi kushindwa kuwalinda watoto hao. Adhabu ilijumuisha kupunguzwa kwa udhamini, na kila mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje msimu mzima kama kanuni za wakati ule zilivyotaka. Wachezaji hawakuwa na hatia yoyote. Mkimbiaji wao tegemeo, Silas Redd, alihamia chuo cha USC. Wengi wakabaki, wakiongozwa na wakongwe kama Michael Mauti na Michael Zordich, na kwa kikosi chembamba wakashinda mechi 8 na kupoteza 4. Chuo kikaandika namba 2012 kwenye ukuta wa uwanja pamoja na miaka ya mabingwa, ingawa mwaka huo hawakubeba kombe. USC, waliotajwa na wengi kuwa bora nchini kabla ya msimu kuanza, walimaliza na ushindi 7 na vipigo 6. Wao pia walikuwa wamekatwa udhamini kwa adhabu ya mwaka 2010, na majina makubwa waliyokuwa nayo mbele hayakuweza kuficha uchache wa watu nyuma.

Mlango ukawa wazi

Oktoba 2018 NCAA ilianzisha mfumo wa uhamisho, orodha ambamo mchezaji huandikisha jina lake ili vyuo vingine vimfuate. Mwaka 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na mwaka huohuo kuanzia Julai 1 akaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake. Mwaka 2024 uhamisho ukawa hauna idadi. Ukomo wa kusajili 25 kwa mwaka nao uliondolewa kwa majaribio mwaka 2022, kisha ukafutwa kabisa.

Nasema bila kusita kwamba uhuru huu ni haki ya wachezaji. Kwa miaka mingi kocha aliweza kuhamia chuo kingine leo na kesho akafundisha huko, huku kijana aliyemfuata akilazimika kukaa nje msimu mzima iwapo angetaka kuondoka. Dhuluma hiyo ilistahili kufa. Kasoro ni kwamba makocha nao wameupata uhuru ambao hawakuuhitaji, wa kubomoa kikosi chote na kukinunua upya.

Colorado ndiyo iliyokwenda mbali kuliko wote. Deion Sanders alipokabidhiwa timu iliyoshinda mechi moja tu mwaka 2022, aliwaambia wachezaji waziwazi kwamba wengi wao hawatabaki. Ulipofika msimu wa 2023, wachezaji wenye udhamini waliosalia walikuwa kama 10, na wapya walizidi 80. Timu ikashinda mechi 4 na kupoteza 8. Mwaka uliofuata ilishinda 9, na Travis Hunter akatwaa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora nchini, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba njia ile haikuzaa kitu. Lakini waliofungishwa virago walikuwa wanafunzi wenye madarasa, marafiki na mitihani, na gharama hiyo haionekani kwenye msimamo wa ligi.

Indiana wanatajwa kama ushahidi kwamba timu hununuliwa ikakamilika. Kocha Curt Cignetti aliichukua timu yao ikiwa imeshinda mechi 3 na kupoteza 9 mwaka 2023, na mwaka mmoja baadaye ikashinda 11 na kupoteza 2. Ni kweli aliingiza wageni wengi. Zaidi ya kumi kati yao, hata hivyo, alitoka nao James Madison, chuo alichofundisha kabla. Walikuwa vijana aliowalea mwenyewe na waliokwisha kuijua kazi yake. Alihamisha kikosi kilichokomaa pamoja.

Na mfano ulio bora kuliko yote unatoka tena Ohio State. Mwaka 2021 Jack Sawyer, kijana wa viunga vya Columbus, na Quinn Ewers, kwotabeki kutoka Texas aliyesifiwa nchi nzima, waliishi chumba kimoja. Ewers aliona foleni ni ndefu, akarudi kwao kuichezea Texas, na alifanikiwa, kwani aliifikisha timu nusu fainali ya taifa miaka miwili mfululizo. Sawyer alibaki. Akashindwa na Michigan mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, na hata wa nne. Baada ya msimu wa 2023 yeye na wenzake wengi wa usajili ule wangeweza kwenda ligi ya kulipwa, wakachagua kurudi.

Januari 10, 2025, wawili hao wakakutana katika nusu fainali. Ohio State walikuwa mbele 21–14, Texas wako hatua chache kutoka mstari wa mwisho, katika jaribio la nne na la mwisho. Ewers alirudi nyuma kurusha, Sawyer akamfikia, akaupokonya mpira, akauokota na kukimbia nao yadi 83 hadi mwisho wa uwanja. Mechi ikaisha 28–14, na siku kumi baadaye Ohio State wakaifunga Notre Dame 34–23 na kutwaa ubingwa.

Ulikuwa mchezo wao wa 16 msimu huo, kwa sababu mashindano ya kuwania ubingwa wa taifa yalikuwa yamepanuliwa hadi timu 12. Njiani walimpoteza Josh Simmons, mtu wa kushoto wa mstari wa mbele wa ushambuliaji, kisha Seth McLaughlin wa katikati. Donovan Jackson akahamishiwa nafasi ambayo haikuwa yake. Carson Hinzman, aliyepoteza namba mwishoni mwa msimu uliotangulia na ambaye angeweza kuondoka, akaziba pengo moja, kisha jingine. Walikuwapo wageni muhimu, kama kwotabeki Will Howard kutoka Kansas State. Lakini mstari ule uliotobolewa mara mbili ulishonwa na waliokuwamo tayari.

Wasiodhaminiwa

Ndiyo maana 105 inanitia wasiwasi. Hunter Renfrow alifika Clemson mwembamba, bila udhamini. Januari 2017, ikiwa imebaki sekunde moja, ndiye aliyeudaka mpira uliowapa ubingwa dhidi ya Alabama, 35–31. Baker Mayfield alianza bila udhamini Texas Tech, na mwaka 2017 akatwaa Heisman akiwa Oklahoma. Stetson Bennett aliingia Georgia kwa kujilipia, akaondoka kwenda chuo kidogo cha miaka miwili, akarudi, akaibebea Georgia makombe mawili mfululizo, Januari 2022 na Januari 2023.

Hawa ndio walioanzia mwisho wa orodha, na ukomo mpya unakata orodha kuanzia huko mwisho. Kijana wa sekondari naye anabanwa upande wa pili, kwa sababu kocha anayeogopa kufukuzwa atampa nafasi mtu wa miaka 22 aliyekwisha kupevuka kuliko wa miaka 17 atakayengojwa miaka mitatu.

Marekebisho yanayohitajika hayahitaji mapinduzi. Kwa kuwa fedha za mgawo zimekwisha kuruhusiwa, udhamini wa kijana anayetoka sekondari uandikwe kwa miaka minne, wala usivunjwe kocha anapobadilika. Kinga waliyopewa waliokatwa mwaka 2025 iwe wajibu wa chuo, isiwe hisani. Ziongezwe nafasi chache nje ya 105 kwa wanafunzi wanaojilipia, maana hazigharimu chuo ada na zimekwisha kutoa mabingwa.

Sisi waandishi na mashabiki nasi tuna sehemu yetu. Kila Desemba tunapopanga vyuo kwa wingi na sifa za vijana wapya, tuchapishe kando yake jedwali la pili: waliosajiliwa miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, wangapi wapo, wangapi wamehitimu. Wazazi wanaoletewa karatasi za kusaini wana haki ya kuliona jedwali hilo kwanza, na kocha anayetunza watu wake hatakuwa na sababu ya kulificha.